Mtoto Niliyemwandikia Kuwa Hasemi

Jumamosi ya umuganda. Manyunyu tangu alfajiri, jua la ghafla mchana, kisha mvua tena. Sasa ni saa moja jioni, niko nyumbani Kanombe, viatu vya matope viko nje ya mlango na sina nguvu ya kuviosha.

Leo niliamka najipenda. Nakiri hivyo kwa sababu ukurasa huu niliufungua ili angalau mahali pamoja nisijifanye mnyenyekevu. Wiki ijayo nitawasilisha utafiti wangu mtandaoni mbele ya wenzangu wa Ugiriki, na najua ni kazi nzuri. Nimeifanya kwa miaka, kwa jasho langu, na sioni aibu kuisifu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa isimu, yaani elimu ya lugha, katika chuo kimoja hapa Kigali. Ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara, Tanzania, ndiyo maana majirani wanasema Kiswahili changu ni cha redioni. Kazi yangu ina miguu miwili. Mguu mmoja ni jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kusema. Wa pili ni lahaja za Kigiriki, hasa zile za vijiji vya milimani katika kisiwa cha Krete, nilikoishi miaka minne nikisomea shahada ya uzamivu. Mchungaji wetu alipogundua najua Kigiriki alianza kuniletea mistari ya Agano Jipya nimfafanulie. Nilimwambia, mchungaji, mimi naweza kukueleza bibi wa Krete anavyomfokea mbuzi wake, hayo mengine muulize aliyeyasomea.

Watu huniuliza Krete na Kigali zinahusiana nini. Zinahusiana sana. Siku ya kwanza kijijini kule nilisikia akina mama wazee wakitamka ki na ke zao kwa ulaini fulani, ki inakuwa karibu chi, na nikacheka peke yangu, kwa sababu ndivyo Mnyarwanda anavyolitamka jina la mji wake mwenyewe, Kigali. Lakini zaidi ya hapo kuna jambo moja. Kule, wazazi walitaka watoto waseme kama Athens, na lugha ya bibi waliionea haya. Hapa, wazazi wengi wanataka Kiingereza na Kinyarwanda safi, na Kiswahili cha bibi wanakiona kitu cha sokoni. Swali langu ni lilelile huku na kule: mtoto anayelelewa na bibi wa namna hiyo anapata nini, na anapoteza nini?

Jibu langu nimelitetea popote nilipopewa kipaza sauti. Bibi haharibu chochote. Katika makala ya wiki ijayo, ukurasa wa tatu, nimeandika kuwa bibi ndiye shule ya kwanza. Sentensi hiyo naipenda. Juzi niliisoma kwa sauti bafuni.

Basi asubuhi tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunazibua mtaro ulioziba chini ya barabara yetu. Nilikuwa na jembe, na jirani yangu Hadija alikuwa na beleshi. Hadija anafanya kazi uwanja wa ndege, kwenye kaunta za abiria. Alizaliwa Biryogo, kule Nyamirambo, katika familia ya Waislamu mafundi cherehani ambayo babu yao alikuja na biashara kutoka pwani. Mama yake, Bi Zaina, bado anashona palepale Biryogo. Na Hadija ana binti mmoja wa miaka minne anayeitwa Ineza.

Hadija aliegemea beleshi, akanishukuru.

"Profesa, murakoze kwa ile karatasi. Shule imekubali. Jumatatu wanamurudisha Ineza kwa darasa ya watoto wadogo, na kwa mama tulishaacha kumupeleka. Wiki tatu sasa. Nyumbani iko Kiingereza tu."

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Ametulia," akasema. "Iko nakaa tu, hasumbue mutu."

Jibu hilo lilinikaa vibaya kidogo. Lakini shukrani zilinikaa vizuri zaidi, nikaendelea kulima matope huku nikijiona mtu wa maana mtaani.

Sasa nieleze ile karatasi, na nieleze bila kujipaka mafuta.

Mwezi uliopita shule ya chekechea anakosoma Ineza ilimwambia Hadija kwamba mtoto hasemi darasani. Haulizi, hajibu, hata jina hatamki mwalimu akimuuliza. Walishuku lugha tatu zimemchanganya. Walitaka maoni ya mtaalamu, na Hadija akawaambia jirani yake ni profesa wa lugha ya watoto. Mwalimu mkuu akanipigia simu kwa heshima nyingi mno. Mimi nikiheshimiwa huwa nalainika. Mimi si daktari, wala sikusomea matibabu ya usemi. Kazi yangu ni kusikiliza watoto wazima na kuandika wanavyosema. Ningemwambia hivyo ningekuwa nimesema kweli. Nilimwambia nitalishughulikia.

Ineza akaletwa ofisini kwangu. Nina meza kubwa, miwani mizito, na mhuri. Nilimwambia Hadija akae nje ili asimsaidie mtoto majibu. Nikamwonyesha Ineza picha moja baada ya nyingine: mbuzi, mwavuli, mwanamke anayepika. Nikauliza kwa Kinyarwanda, nikauliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kiingereza. Alitazama chini. Alikunja pindo la gauni lake, akalikunjua, akalikunja tena. Dakika arobaini zikapita hivyo. Kwenye fomu nikaandika: maneno, hakuna, sentensi, hakuna. Kisha nikaiandikia shule kwamba mtoto amechelewa kusema na kwamba ingefaa apunguziwe lugha nyumbani. Nikapiga mhuri.

Iweje mtu anayeandika kuwa bibi ni shule ya kwanza asaini karatasi ya namna hiyo? Nimejiuliza mchana kutwa. Sikuandika kwamba atolewe kwa bibi yake. Niliandika "apunguziwe lugha". Nilikuwa mwangalifu kiasi hicho, na nilijua vizuri sana ni lugha gani ingepunguzwa, na ni ya nani.

Hayo ni ya mwezi uliopita. Nirudi leo.

Umuganda ulipokwisha nilioga, nikachemsha chai, nikakaa kumalizia kazi yangu ya wiki ijayo. Ilihitaji mfano mmoja mzuri, sauti ya mtoto halisi wa Kigali, ili wale wa Ugiriki wasikie kwa masikio yao. Msaidizi wangu alikuwa ameniandikia kwamba ziko sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzisikiliza, na mojawapo ni ya Ineza akiwa Biryogo, iliyonaswa kabla ya ile barua.

Njia yetu ya kazi ni hii. Kinasa sauti hatukiweki mezani, maana mtoto akikiona anakigeuza mchezo. Tunamvalisha kizibao chenye mfuko mdogo kifuani, chombo kinaingia mfukoni, na siku nzima inanaswa, akila, akilia, akigombana na paka. Vizibao vyetu vyote vilishonwa na Bi Zaina, ndivyo nilivyomfahamu yule mama, na Ineza alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kuvaa. Ubaya wa njia hii ni kwamba kuandika saa moja ya sauti kunakula siku nzima ya mtu, kwa hiyo sauti zinarundikana. Nilipoombwa ile barua, sauti ya Ineza ilikuwepo kwenye kompyuta yangu. Sikuifungua. Picha na fomu vilikuwa vya haraka zaidi.

Leo nimeifungua.

Kwanza cherehani ya kukanyaga, kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mtoto, karibu kabisa na kinasa sauti, sauti kavu ya mtu mwenye shughuli nyingi:

"Nguo yako iko tayari, mama. Imebaki vifungo tu."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena.

Ineza alikuwa anacheza ufundi. Alikuwa na wateja wake wa kufikirika, wanakuja mmoja mmoja kudai nguo, na kila mmoja anapewa sababu yake. Wa kwanza vifungo. Wa pili umeme umekatika. Wa tatu inaonekana alikuwa mkorofi, maana aliambiwa kwa ukali, "Kama ungekuja jana, ungeikuta!" Akaja mteja wa Kinyarwanda, naye akaambiwa "Mugaruke ejo", yaani rudini kesho, tena kwa umbo la heshima analoambiwa mtu mzima. Wa mwisho, bila shaka tajiri, aliambiwa "sori madamu".

Nilihesabu sentensi mpaka nikaacha kuhesabu. Mtoto huyu wa miaka minne anaweza kuwaza jambo ambalo halikutokea na kumlaumu mtu kwa hilo. Anachagua lugha kwa kumtazama mteja, na ndani ya lugha anachagua heshima. Na anadanganya kama fundi cherehani aliyekubuhu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kushonewa nguo ya sikukuu atakubali ni ustadi kamili wa lugha. Nimesikiliza watoto wengi maishani mwangu na huyu ni katika walionifurahisha zaidi. Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha mlango ukasikika, mwanamke akaingia, akasalimu. Ineza akanyamaza hapo hapo.

"Na huyu iko naitwa nani?" mgeni akauliza. Kimya. "Iko na kinywa kweli?" Kimya. Nilisikia pumzi za mtoto kwenye kinasa sauti, polepole. Kisha Bi Zaina, kutoka kwenye cherehani yake: "Haya Ineza, jibu mugeni."

"Naitwa Ineza," akasema, bila kigugumizi chochote.

Mgeni alipoondoka, bibi alimsifu mjukuu wake. "Umefanya vizuri. Mutoto mwenye adabu haseme na mukubwa mugeni mpaka mwenyewe amwambie."

"Mpaka wewe uniambie."

"Mpaka mimi nikuambie. Ao mama yako."

Nilizima kompyuta.

Mama yake nilimwambia akae nje. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mtoto alikaa dakika arobaini mbele yangu akisubiri ruhusa ambayo niliifungia mlango, na kila nilipomuuliza kwa lugha nyingine alizidi kuonyesha adabu, na kila alipozidi adabu nilizidi kuandika "hakuna". Darasani ni vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwalimu si mgeni.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Maana jambo hili mimi nalijua. Nalijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mji huu! Kule Krete nilipangiwa kuishi kwa mjane mmoja, Bi Argiro, ili ninase lahaja yake. Kinasa sauti kikiwa kimezimwa alisema lugha ya mlimani, tamu, nzito. Nikikiwasha tu ananyoosha mgongo na kuanza kuongea kama msoma habari wa Athens, kwa kuwa mbele ya mgeni msomi mtu huvaa nguo nzuri. Nilipoteza miezi mitatu. Niliokoka siku nilipoacha daftari, nikakaa naye jikoni kuchambua mboga za porini na kumenya maharage, nikawa mtu wa nyumbani. Nimewafundisha wanafunzi wangu kisa hicho kila mwaka. Wanakichoka.

Tofauti ni moja tu. Kule nilijua kuwa mimi ni mgeni, kwa rangi, kwa koti, kwa matamshi. Hapa Kigali sikuwahi kujihesabu mgeni. Nimerudi kwetu, nina nyumba, nina jembe la umuganda. Haikunijia akilini kwamba kwa mtoto wa miaka minne, profesa mwenye meza kubwa ni mgeni kuliko Mgiriki.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo sikumpigia rafiki simu kulalamika. Nilinakili sauti ile kwenye simu, nikachukua karatasi, kalamu na mhuri, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kwenda Biryogo. Mvua ilitukuta njiani. Nilifika nimelowa, lakini sikuwa na hofu, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na ushahidi, nilikuwa na sababu, na nina uwezo wa kueleza jambo lolote kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Bi Zaina alinipokea kwa adabu ya kutisha. "Karibu Profesa. Keti Profesa. Umelowa, Profesa." Akaagiza chai ya tangawizi kutoka mgahawa wa jirani. Chumba chake cha kazi ni kidogo, kina cherehani, meza ya kukatia, na nguo za watu zimetundikwa ukutani zikisubiri, nyingine nadhani zimebaki vifungo tu. Chini ya meza kulikuwa kumefagiliwa safi. Hapakuwa na hata kipande kimoja cha kitambaa cha mtoto kuchezea.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana. Nilimweleza kuhusu kizibao na sauti, kuhusu picha na fomu, kuhusu adabu ya mtoto na jinsi inavyompotosha mpimaji. Nikamfikisha mpaka Krete, nikamketisha jikoni kwa Bi Argiro. Nikamwambia kwamba kitaalamu yeye amemlea mjukuu wake kwa kiwango cha juu, na kwamba sauti ile itasikika Ugiriki. Nilipofika hapo nilitegemea atabasamu.

Aliendelea kushona. Alipofika mwisho wa mshono akasema bila kuinua macho, "Sawa, Profesa. Nimesikia."

Nikanywa chai.

"Binti yangu alisimama hapo mulangoni," akasema baadaye. "Akaniambia kinywa yangu iko naharibu mutoto. Profesa amesema. Hii kinywa ndiyo ilimulea yeye mwenyewe. Sikujibu. Ningejibu nini, na iko karatasi na muhuri?"

Hilo liliniumiza. Na bado nilifanya ninachojua kufanya. Nilimpigia Hadija simu, nikamwambia aje Biryogo sasa hivi na amlete mtoto.

Alifika kama saa kumi, amemshika Ineza mkono, uso wake una wasiwasi. Mama na binti walisalimiana kwa maneno machache, kila mmoja akitazama pembeni. Ineza hakukimbilia kwa bibi yake. Alisimama nyuma ya sketi ya mama yake, macho kwa bibi, kama aliyeambiwa njiani asiguse kitu. Niliweka simu juu ya meza ya kukatia, nikaipa sauti yote.

Cherehani. Kisha: "Nguo yako iko tayari, mama. Imebaki vifungo tu."

Hadija aliziba mdomo kwa mkono. Alicheka kwanza, maana amekulia ndani ya uongo huo huo, anaujua wote kwa mpangilio. Ilipofika "kama ungekuja jana" alikuwa analia. Sauti ilipofika kwa mgeni, na kimya, na bibi akisema mpaka mwenyewe amwambie, Hadija alinigeukia mimi.

"Profesa, nimemwambia mama yangu maneno mabaya kwa sababu ya ile karatasi yako."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja kuirekebisha."

Nikakaa palepale, nikasukuma mita na chaki pembeni, nikaandika barua mpya kwa mkono. Niliandika kwamba barua ya kwanza nimeifuta, kwamba kipimo changu kilikuwa kibovu, kwamba mtoto anasema vizuri kuliko umri wake katika lugha mbili na ya tatu inakuja. Nikaandika kwamba hakuna sababu ya kumrudisha nyuma darasa, na kwamba kumtenga na bibi yake kutamdhuru. Safari hii niliandika "bibi yake", wazi. Niliongeza kwamba nyumbani kwao mtoto hufundishwa kusubiri ruhusa, na kwamba asubuhi moja bibi au mama akija darasani na kumwambia aseme na mwalimu, atasema. Nikapiga mhuri, nikawasomea. Hadija akaitikia kwa kichwa. Bi Zaina akaisikiliza yote, kisha akaukata uzi kwa meno.

Niliona nimemaliza. Nilijisikia vizuri, kusema kweli. Kosa limetokea, limegunduliwa, limesahihishwa siku hiyo hiyo. Ni wangapi wanafanya hivyo?

Kilibaki kitu kimoja, na nilikitaka kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka kumsikia mtoto akisema nami. Na sasa nilijua njia.

"Mama," nikamwambia Bi Zaina, "naomba ruhusa Ineza aongee na mimi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Alikunja gauni alilokuwa analishona, akaliweka, akapangusa mapaja. Kisha akamnyooshea mtoto mkono, na mtoto akatoka nyuma ya sketi ya mama yake, akavuka chumba, akaenda kumwegemea bibi begani.

"Haya Ineza," akasema. "Sema naye."

Ineza akainua macho. Sikuwahi kuyaona macho yake kabla ya hapo, na ofisini nilikaa naye dakika arobaini. Alinikagua kuanzia viatu vilivyolowa mpaka miwani.

"Ni wewe ulisema mimi sijue kusema?"

"Ni mimi."

"Ulikosea."

"Nilikosea sana, Ineza."

Alifikiri. Nilidhani mazungumzo yamekwisha na nikaanza kutabasamu, na ndipo akaniambia kwa sauti ile ile kavu ya mtu mwenye shughuli:

"Muombe Bibi musamaha."

Hadija akasema "Ineza!" kwa kushtuka. Bi Zaina hakumkemea.

Nimeongea mule ndani kwa muda wa karibu saa mbili. Nimetaja kisiwa, nimetaja mjane, nimetaja mbinu, nimetaja ushahidi, nimemsifu mama wa watu kitaalamu, nimeandika barua yenye aya nne na kuisoma kwa sauti. Neno hilo sikulisema hata mara moja. Sikulikwepa kwa makusudi, na hilo ndilo baya zaidi. Nilidhani kueleza ni kuomba.

Nilisema, "Mama, nisamehe," huku natazama simu iliyokuwa mezani.

"Mutazame," mtoto akasema.

Nikamtazama. Ni mama wa miaka sabini, ana sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni lake, na macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa wiki tatu. Nilisema tena. Sauti yangu, ambayo majirani wanasema ni ya redioni, ilikatika katikati, na sikuona aibu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema Bi Zaina.

Hakuniita Profesa.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni pa shule kabla ya kengele. Mwalimu mkuu naye aliamini maneno yangu ya kwanza, na yule mwalimu wa darasa amewaambia watoto wengine kwamba Ineza anarudi kwa wadogo. Barua ninayo mkobani na ni barua nzuri, sitabadilisha hata nukta. Lakini sitaanza na barua.